Mama Zaina na Maji ya Ndoto

Ninyi wasichana wa vyumba, na ninyi vijana munaobeba mizigo ya wageni pale kwetu karibu na bandari, karatasi hizi ni zenu. Siku niliacha kazi mulininunulia keki, mukaimba, mukanipiga picha na simu, na mumoja wenu akaniuliza: "Mama Feza, tuambie siri ya kukaa kwenye kazi moja miaka yote hii." Siri hakuna. Nilikuwa na watoto wa kulisha. Lakini kuna jambo mulipaswa kuniuliza na hamukuniuliza, kwa hiyo ninaliandika mwenyewe, polepole, kwa sababu shule niliiacha ningali mudogo na kalamu inanichokesha kuliko ufagio. Mujukuu wangu Trésor alisema atasahihisha. Nilikataa. Akisahihisha, atatoa mambo.

Nitawaambia mapema ni habari ya nini. Ni ya Mama Zaina, mwenye alinifundisha kazi. Asubuhi kwa asubuhi alipokea ndoto za watu wengine katika ile nyumba ya wageni. Siku ndoto yake mwenyewe ilimufikia, alizunguka nyumba nzima na hakupata mutu wa kuipokea. Hiyo njo, ndiyo hiyo hasa, inanikaa hapa kifuani. Mengine yote, ya mashuka na sabuni, nitayaeleza njiani, kwa sababu nayo munayaharibu.

Nilifika Kalemie kutoka Mpala, nimeolewa juzi, mume wangu amepata kibarua kwenye gari ya moshi. Mama Zaina alikuwa mukubwa wa vyumba. Alikuwa mutu wa zile familia za Waislamu ambao babu zao walivuka ziwa na bidhaa wakabaki upande huu. Mwembamba, kichwa kimefungwa kitambaa, mikono migumu kama ya mupiga makasia. Siku ya kwanza hakunipa ufagio. Alinisimamisha mbele ya mulango wa chumba kitupu akasema, "Gonga."

Nikagonga.

"Huko ni kugonga kwa askari. Mugeni atafikiri wamekuja kumukamata. Gonga na kiganja."

Niligonga ule mulango wa chumba kitupu mpaka mupishi akatoka jikoni kuuliza kama tumepata wazimu.

Shuka haikung'utwi chumbani. Inakung'utwa uani, na wewe unaupa upepo wa ziwa mugongo, la sivyo vumbi lote linakurudia machoni. Pasi ya makaa unaijaribu kwanza kwenye kitambaa kibaya, kwa sababu cheche moja ikitoboa shuka nyeupe, hakuna sabuni ya kuziba tundu. Chandarua unakichomeka chini ya godoro kuanzia miguuni, kisha pembeni, kichwani mwisho. Ninyi munaanza kichwani, munakivuta, kinapasuka, halafu munasema ni panya. Panya wa Kalemie wana makosa yao, lakini si yote munayowapa.

Wakati ule vyumba havikuwa na bomba. Jioni wavulana walileta maji ya ziwa, tukayaacha yatulie kwenye pipa, asubuhi tukayapasha moto, na kila mugeni akapelekewa beseni yake. Asubuhi ya kwanza niliingia nyuma ya Mama Zaina kwa mugeni wa Kabimba, fundi wa kuchoma chokaa, mwanaume mwenye mabega mapana, aliyekuja kupimwa kifua hospitali. Alinawa uso. Halafu, badala ya kuchukua taulo, aliinamia yale maji machafu akaanza kusema nayo kwa sauti ya chini. Alikuwa ameota meno yake yanatoka, anayashika mukononi, hajui ayaweke wapi. Mama Zaina alishika beseni, macho ukutani. Mwanaume alipomaliza, akajipangusa. Mama Zaina akabeba beseni mpaka nyuma ya jiko, pale hakuna mutu anapita, akamwaga. Akarudi mulangoni.

"Papa, chai iko tayari. Mukate ni wa leo."

Basi. Hakuna kingine. Tulipokuwa uani nikamuuliza, "Mama, ile ndoto ya meno maana yake nini?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ninafua mashuka."

"Lakini uliisikia."

"Maji njo yaliisikia. Mimi nilikuwa nimesimama pale na masikio yangu. Ningeyaacha wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba kwao mashehe wanafundisha ndoto mbaya haiambiwi mutu. Basi haiambiwi mutu, inaambiwa maji yenye mutu amenawia, na uchafu wa uso na uchafu wa usingizi vinatoka nje pamoja. Kazi yetu ni kushika beseni isiyumbe. "Ukijibu," akasema, "umekuwa mutu. Usijibu." Alikuwa amelipata hilo kwa mama yake, mwenye alipokea wasafiri wa ziwa kwenye uwanja wake kabla nyumba yetu haijajengwa, na wageni wa zamani walilijua na kulingojea kama walivyongojea chai.

Mimi nilikuwa mutoto wa misioni. Niliona ni ujinga, na sitawadanganya: hata leo siamini kwamba ndoto inajua kesho. Nimeshika beseni miaka mingi na ninaweza kuwaambia kwamba ndoto za watu wengine zinachosha. Muuza samaki anaota samaki. Muchungaji wa Pepa anaota ng'ombe wamepotea. Bibi-harusi anaota yuko sokoni bila nguo. Mara nyingi nilikuwa ninafikiria sabuni wakati mutu anasema. Lakini niliona kitu kimoja mwenyewe, hakuna mutu alinifundisha: mwenye amesema, anakula. Mwenye hakusema, anakoroga chai mpaka inapoa.

Kulikuwa na mwalimu wa Nyunzu, wakati watu walikuwa wanakimbia vita. Alikaa kwetu muda murefu, peke yake. Kila asubuhi ndoto yake ilikuwa ile ile: yuko darasani, anaita majina ya wanafunzi, hakuna anayeitika. Kila asubuhi. Mimi nilichoka mbele yake.

"Mama Zaina, hii tumekwisha kuisikia," nikasema.

"Wewe umekwisha kuisikia. Yeye hajamaliza kuisema."

Akaendelea kushika. Halafu asubuhi moja mwalimu alinawa, akachukua taulo, akajipangusa, akauliza kama kuna mukate wa pili. Mama Zaina alibeba yale maji nje vilevile, kama vile yana kitu ndani. Sikumuuliza kwa nini. Nilikuwa nimeanza kujifunza.

Sasa ninafika mahali pagumu.

Chausiku alikuwa muuza vitenge. Kila akitoka Kigoma kwenda Moba alilala kwetu, mwanamuke wa vichekesho, alikuwa ananiita "Sista" juu ya mambo yangu ya misioni. Mara hiyo alikuja bila vitenge. Mama yake alikuwa mugonjwa sana kule Moba, walikuwa wamemutumia habari afanye haraka. Boti ilikuwa inaondoka asubuhi ile ile. Tulimupelekea maji, akanawa, akainama. Aliota boti imefunikwa kitambaa cheupe kutoka mbele mpaka nyuma, na abiria wote wamekaa chini yake, kimya.

Nilikuwa nimesimama pale na taulo. Niliona maji yanatetemeka kwenye beseni. Mama Zaina alikuwa na kaka, Hamisi, mwenye ziwa lilimuchukua kwenye njia hiyo hiyo ya Moba, na mwili haukupatikana. Mimi nilijua. Chausiku hakujua.

"Usipande," Mama Zaina akasema.

Chausiku akainua uso, maji yanamutiririka kidevuni. "Unasema nini, Mama?"

"Usipande hiyo boti, mwanangu. Ngoja ingine."

Chausiku alingoja. Boti ilifika Moba salama. Ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta kwenye sahani. Baada ya hapo upepo ukaamka, na boti ya pili ikabaki bandarini, leo haitoki, kesho haitoki. Chausiku alikuwa anashuka asubuhi na mufuko wake na kurudi nao muchana. Alipofika Moba, udongo wa kaburi la mama yake ulikuwa umekwisha kukauka.

Aliporudi alisimama uani kwetu, kati ya mashuka. Tulimupa kiti, akakataa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mama Zaina, mimi nilikuwa ninasema na maji. Nani alikuambia ujibu?"

Mama Zaina akamusogezea kile kiti tena.

"Walisema mama yangu alikuwa anatazama mulango mpaka mwisho." Chausiku akachukua mufuko wake, akaenda kulala kwa watu wengine. Hakurudi kwetu tena.

Habari hizo zilifika kwa patroni. Mwenye nyumba alikuwa amezeeka, kazi ameachia mwanaye Didier, mwenye alikuwa amerudi karibuni kutoka masomo Lubumbashi. Alituita biro, ofisini kwake, sisi wawili.

"Mama Zaina, sikufukuzi. Ulinibeba mugongoni. Lakini mambo ya ndoto yaishe leo. Wageni wa sasa ni watu wa masomo, wakisikia hapa tunasema na maji, watafikiri wamelala kwa muganga. Na sasa mutu hakumuzika mama yake kwa sababu yetu."

"Hatukufanya na ubaya, Didier," nikasema.

"Mama Feza, ubaya ama uzuri, mama yake amekufa bila yeye."

Didier hakukosea. Ila alichukua kosa la asubuhi moja akalitupa pamoja na asubuhi zingine zote, na yule mwalimu wa Nyunzu ndani yake. Mama Zaina aliomba tu ahamishiwe kwenye nguo, nyuma kule, pale wageni hawafiki.

Kisha mafundi wakaja kutoboa kuta. Kila chumba kikapata bomba na kioo. Mugongo wangu ulifurahi, sitaficha. Mugeni anafungua, ananawa, anafunga, anatoka. Sasa mugeni akiwa amelala vibaya, nani atajua? Na siku maji yanakatika, ambazo munajua wenyewe ni siku gani, munaweka ndoo nje ya mulango na munakimbia kama mulioiba.

Mama Zaina alifua mpaka mikono ikakataa. Tukikaa pamoja kwenye benchi, tulizungumza bei ya mihogo na wakwe zetu, ndoto hapana. Mara moja tu nilijaribu. Nikamuambia, "Mama, siku ile ulikuwa na huruma tu."

"Huruma ingenyamaza," akajibu, na akasukuma sabuni mbali.

Wageni pia walibadilika. Siku moja pasta mumoja alimusikia binti wa chumba akieleza ameota nyoka. Akamuambia ni pepo, afunge kula. Binti akafunga mpaka akaanguka kwenye ngazi na ndoo yake, tukapangusa ngazi nzima. Na kulikuwa na dokta, mutu mupole, aliyekuwa anakula na mwenzake wa kazi. Mwenzake akasema amemuota baba yake marehemu. Dokta akamuambia, "Ni ile dawa ya malaria, inaleta ndoto." Yule akasema aksanti. Labda ni dawa kweli. Mimi sina masomo ya kubishana. Lakini nilikuwa ninaondoa sahani na niliona uso wake. Alikuwa anataka kusema baba yake alivaa nini. Pasta na dokta hawapendani, lakini hapo walifanana: hakuna aliyengoja mutu amalize.

Na ninyi, wasichana wangu, mutu akisema ameota munamuuliza, "Jana ulikula nini?" Munacheka, mwenye ndoto naye anacheka ili asibaki peke yake. Nimewatazama mukifanya hivyo.

Mwaka wa mwisho wa kazi yangu, dada yangu alikufa Mpala, nikaenda kumuzika. Nitakayosema sasa sikuyaona. Niliambiwa na Nadège wa biro na mupishi, kila mutu kwa upande wake.

Mama Zaina alikuja asubuhi. Alikuwa amekwisha kuacha kazi zamani, anaishi kwa mutoto wake. Alikuja na fimbo, amevaa kitenge cha kutokea, na mukononi ana kopo la maji lililofunikwa na kisahani. Alikuwa amelibeba toka kwake, kwa sababu alijua kwetu mambo ya beseni yameisha. Alipita kwanza kwa Nadège.

"Mwanangu, nimeota kitu. Nishikie maji kidogo."

Nadège alikuwa na wageni wanangojea funguo. "Kaku, bibi yangu, kaa kwanza. Nitakuja sasa hivi."

Alingoja. Halafu akaingia jikoni. Mupishi alimupa chai na mukate na sukari nyingi, akamuambia wazee wakilala na njaa njo wanaota ovyo. Alikunywa, akashukuru. Didier alipofika na gari, Mama Zaina alimufuata pale nje. Didier alishuka, akamushika mikono yote miwili, akauliza habari ya magoti, akasema, "Mama, dereva atakurudisha nyumbani, usitembee na jua hili." Hakuna hata mumoja alimukosea heshima. Hiyo njo inanishinda. Kama wangemufukuza, ningejua wa kumukasirikia.

Mama Zaina akauliza, "Feza yuko?"

"Ameenda Mpala, kwenye kilio," wakamujibu.

Akakaa kwenye benchi mpaka jua likamufikia miguuni. Kisha akaenda mwenyewe nyuma ya jiko, akamwaga yale maji. Mupishi alimuona kwa dirisha. Anasema midomo yake haikucheza. Alimwaga maji safi, matupu. Akamukatalia dereva, akaondoka na fimbo yake.

Niliporudi kutoka Mpala, hitima ya Mama Zaina ilikuwa imekwisha kusomwa. Walisema ni uzee tu. Ninaamini. Nadège alinishika mukono uani, analia.

"Mama Feza, labda aliota anakufa. Labda tungesikia tungemupeleka hospitali."

"Hakuja kutafuta hospitali."

"Sasa alitaka nini?"

"Umushikie maji."

Nadège, ninajua unasoma hapa, na sikuandiki ili wenzako wakutazame vibaya. Ulikuwa na wageni mbele yako. Mupishi alikuwa na sufuria motoni. Didier alikuwa na mambo yake. Kila mutu alikuwa na sababu, na ukizipima sababu moja moja, zote ni nzuri. Ninachosema ni kwamba yule mwanamuke alisimama miaka yote mbele ya watu asiowajua, wenye harufu ya usingizi, na hakuna siku alimuambia mutu angoje. Hata baada ya Chausiku, alipokuwa ameadhibiwa na ameiadhibu nafsi yake zaidi, bado alijua njia ya kuja kwetu. Alifikiri nyumba inakumbuka. Sisi tulikumbuka magoti yake.

Mukiniuliza aliota nini, sijui. Nimejaribu kuwaza. Wakati mwingine ninawaza alimuota Hamisi, wakati mwingine Chausiku, wakati mwingine ni kitu kidogo cha bure, kuku ama sufuria, kama ndoto nyingi zilivyo. Haitajulikana. Na sikitiko langu haliko hapo. Hata kama ilikuwa kuku.

Nimekuwa nyumbani tangu nilipoacha kazi, kwa mwanangu na muke wake Solange na watoto wao. Kazi yangu sasa ni kukaa na kuona wengine wakichomeka chandarua vibaya. Juzi asubuhi mujukuu wangu mudogo, Mwamini, alitoka chumbani akilia. Alikuwa ameota sisi sote tuko ndani ya nyumba, yeye yuko nje, na nyumba haina mulango. Alisema hayo katikati ya kilio, nusu yake haikusikika. Solange alikuwa anakoroga uji. "Ni homa ile ya jana," akasema bila kugeuka, "itapita." Trésor alikuwa mezani na simu yake. Anasoma kazi ya infirmier, ya kuuguza wagonjwa, ni kijana mwema, anajua mengi.

"Kaku, si kitu," akaniambia. "Ubongo unatupa takataka zake tu. Ndani ya ndoto hakuna kitu."

"Takataka za nani?"

"Zake mwenyewe."

"Basi muulize kama anataka kuzitupa peke yake."

Akacheka. Mwamini akanyamaza, akajipangusa pua na mukono, akaanza kutafuta kiatu chake. Amemaliza, unaona? Hakuwa amesema hata nusu, na alikuwa amemaliza. Mutoto yule hajafika hata umri wa kwenda shule.

Nilisimama. Mimi si mutu wa kupiga kelele, na sikupiga. Niliwaambia wote wawili, Solange na Trésor, na mwanangu alipotoka kuoga nikamurudilia, ili asiseme hakuwepo: "Katika nyumba hii, mutu akiamuka na ndoto, mwenye yuko karibu anaacha kazi yake, anakaa chini, anasikiliza mpaka mwisho. Hacheki. Hamuelezi. Hamuombei. Kama haamini, asiamini akiwa amekaa."

"Mama, uji utaungua," Solange akasema.

"Uungue. Trésor, weka simu chini, vuta kiti mbele ya dada yako. Mwamini, acha hicho kiatu. Anza tena, pale nyumba haikuwa na mulango."